Kilo Kumi na Mbili Kabla ya Kisu

Jumatatu, 3 Machi

Nimekubaliwa! Nitapasuliwa Alhamisi, tarehe kumi mwezi ujao! Daktari mpasuaji mwenyewe kaandika jina langu kwenye orodha, kwa kalamu nyekundu, na nimeliona kwa macho yangu.

Sasa niandike kwa mpangilio. Daftari hili ni agizo la Bi Vikombe. Huyo ni mtaalamu wa lishe wa pale hospitali, jina nimempa mimi, maana kwake kila kitu ni kikombe. Kikombe asubuhi, nusu kikombe saa nne, kikombe mchana. Kasema niandike ninachokula na ninavyojisikia. Ninachokula nitaandika. Ninavyojisikia — tutaona.

Mizani yao imesema 152. Natakiwa niwe 140 ifikapo Jumatatu, tarehe saba Aprili, siku ya kupimwa tena. Kilo kumi na mbili. Daktari kasema si adhabu, ni ini. Ini langu limejaa mafuta, limevimba, limelalia mfuko wa chakula anaotaka kuupunguza, na akiingiza vyombo vyake hatapata pa kupita. Nikipungua, ini linasinyaa. Nisipopungua, kitanda anapewa mwingine na mimi narudi mwisho wa foleni. Foleni ni ya miezi minane.

Miezi minane sina. Hilo alilisema huku anaangalia mguu wangu, si uso. Kidole kidogo cha kushoto kilikatwa mwaka jana, sukari. Vilivyobaki vina ganzi. Mwezi uliopita nilishinda kazini na pini ya karatasi imezama kwenye unyayo, nikaiona jioni navua soksi. Sukari isiposhuka, kasema, safari nyingine hatutazungumzia kidole.

Nilitegemea nitalia au nitaruka. Baba Watoto alikuwa ananichungulia usoni pale kwenye benchi, anangoja aone lipi. Nikamwambia twende nyumbani, viatu vinabana.

Jumanne, 4 Machi

Nimepiga simu zote leo.

Kifungua Mimba nilimpata wakati wa mapumziko. Binti yangu ni mwalimu wa hesabu, sekondari, na si mwalimu hivihivi — ni yule ambaye wazazi wanaomba watoto wao wahamishiwe darasa lake. Alipiga hesabu papo hapo. Kilo mbili na gramu mia nne kila wiki. "Inawezekana, Mama, lakini usidanganye hata kijiko." Kichwa hicho kakitoa kwangu. Baba yake hata mkate hajui kuugawa sawa.

Kitinda Mimba yuko mwaka wa tatu, uhandisi! Yeye alitaka kujua vyombo vya daktari vina urefu gani na vinaingia kwa pembe gani. Nikamwambia mimi ni mama yako, si injini. Akacheka mpaka akakohoa.

Mdogo wangu kasema nipungue kwa kiasi, wasije wakaanza kunitafuta kwa tochi. Huyu tangu tukiwa watoto hajasema neno la maana, na ndiye ninayempenda kuliko ndugu zangu wote.

Bi Vikombe kaleta meseji: nina mahali pa kujipimia kila wiki? Ni kweli mizani ya nyumbani inaishia 130, nikipanda mshale unagonga mwisho na kutetemeka. Lakini kuniuliza mimi! Mimi ndiye msoma mizani wa ghala la vifurushi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Malori yanaondoka kwa namba ninayoitaja mimi. Mizani yetu ni bamba la chuma limelala sakafuni, linabeba tani nzima. Na mkono wangu wenyewe ni mizani — nipe nyanya nikutajie gramu. Nikamjibu asihangaike, niliyonayo inaishinda yao.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya tano. Vikombe viwili vya maziwa ya unga ya hospitali (wameandika ladha ya vanila, haya). Supu ya kuchuja mchana. Mtindi usio na sukari. Yai moja la kuchemsha na mboga za majani kiasi cha ngumi. Basi.

Waliniambia siku ya tatu nitaota mkate. Sikuota. Siku ya tatu ilikuja ikapita kama ya pili.

Baba Watoto kaanza kula nje. Namwona dirishani, kasimama kwenye kamba ya nguo, sahani mkono mmoja, mkono wa pili anasogeza shuka zisiguse mchuzi. Nikamwambia ingia ule kama mtu mwenye nyumba yake. Eti ndani kuna joto. Hakuna joto lolote.

Jumatatu, 10 Machi

148.6! Kilo tatu na zaidi wiki ya kwanza.

Nilipima wakati wa chakula cha mchana, watu wako kantini. Alibaki Mzee Muhuri tu, anayegonga mihuri kwenye stakabadhi, meza yake iko mkabala na yangu. Ndiye pekee pale kazini niliyemwambia. Nikisimama kwenye bamba nayumba, miguu haijui sakafu iko wapi, na namba inacheza haitulii. Kwa hiyo nakaa. Kila chombo tunachopimia mizigo kina uzito wake na mashine inaukumbuka kwa kitufe. Kitufe cha kwanza, paleti ya mbao. Cha pili, kreti. Cha tatu, toroli. Cha nne kilikuwa bure, nikakipa kiti changu cha chuma, kilo tisa. Mzee Muhuri anabonyeza nne, mashine inatoa kilo tisa, kinachobaki ni mimi.

Alisoma namba akaniuliza mzigo huu unaenda wapi, aandike dhaifu au usiodhurika. Nikamwambia andika "upande huu juu". Tukacheka. Yaani yeye alicheka, mimi nilifanya mdomo.

Nikampigia Kifungua Mimba. Akasema hongera Mama. Nikasema asante mwanangu. Halafu nikarudi kupima magunia ya misumari.

Ijumaa, 14 Machi

Vikombe vyote. Yai. Mboga.

Sikusikia njaa. Sikusikia kitu.

Jumatatu, 17 Machi

147. Kilo moja na nusu tu.

Bi Vikombe kasema ni kawaida, wiki ya kwanza ni maji yanayotoka, sasa ndiyo mafuta yenyewe, mafuta ni mabishi. Kuanzia leo yai limeondolewa na mboga zimeondolewa. Ni vya kunywa tu mpaka siku ya kisu.

Mkwe kapiga simu, mama wa mume wa Kifungua Mimba. Mwembamba kama kalamu, kila asubuhi anatembea saa nzima kisha anakuhadithia. Akauliza kwa upole wake ule — mkwe, unaendeleaje na jambo lako? Nikamwambia vizuri sana, mkwe, nateremka kama lifti. Akasema yeye hajawahi kuzidi hamsini na tano hata alipokuwa na mimba ya pacha. Nikasema Mungu kampa kila mtu lake, mimi kanipa watoto wenye akili. Akahamia kwenye habari za mvua! Basi hicho ndicho kilichokuwa kitamu leo.

Alhamisi, 20 Machi

Wamechukua viti vyetu vya chuma. Meneja kasema vinachana suruali za watu. Wameleta vya plastiki, vyeupe.

Mtu mwembamba haoni tofauti. Mimi kiti cha plastiki nakitazama kwanza miguu, kisha nakigusa, kisha naomba. Mzee Muhuri hakusubiri niseme, kavipachika viwili, kimoja ndani ya kingine, akavisukuma kwenye meza yangu bila kuniangalia. Nikakaa. Vilipinda kidogo, vikakubali. Mchana kutwa sikufikiria kingine ila miguu ya vile viti.

Jumatatu, 24 Machi

140.6!!

Nilisema namba irudiwe. Mzee Muhuri akabonyeza nne tena, mimi nimekaa juu ya vile viti viwili nimeshika pumzi — 140.6. Kilo sita na zaidi kwa wiki moja! Bado gramu mia sita tu na wiki mbili mkononi! Mzee Muhuri akachukua karatasi tupu akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akanipa.

Kifungua Mimba nilimpigia palepale. Akauliza: "Sita kwa wiki, Mama? Una uhakika?" Nikamwambia mwanangu, wewe fundisha hesabu, mizani niachie mimi. Akasema sawa Mama, samahani, hongera sana. Nikasikia anawaambia walimu wenzake na wao wakapiga makofi. Walimu, wananipigia mimi makofi!

Basi imeamuliwa. Wote wanakuja. Kifungua Mimba na mumewe, na mkwe naye kasema hawezi kukosa, na Kitinda Mimba ameomba ruhusa chuoni, na mdogo wangu. Watafika Jumatano tarehe tisa, walale kwetu, Alhamisi wanisindikize. Jirani kaniuliza kuna harusi? Nikamwambia zaidi ya harusi. Nimewaambia jirani, muuza duka, meneja, hata mwanamke anayenishonea nguo. Nimemwambia asianze kunishonea nyingine, vipimo alivyonavyo avichane.

Nilikaa jioni kitandani nangoja furaha iniingie. Nilijua lazima iko njiani. Nikakunja nguo. Nikazikunjua, nikazikunja tena.

Jumatano, 26 Machi

Vikombe. Sukari asubuhi 6.1, haijawahi kuwa hivyo tangu nipimwe! Nimeipiga picha mashine nikawatumia watoto. Kitinda Mimba kanirudishia vidole gumba saba, nilivihesabu.

Baba Watoto bado anakula kwenye kamba ya nguo.

Jumamosi, 29 Machi

Dereva wa lori la kwanza kapata mtoto, kaleta keki kazini. Nilikula vipande vitatu.

Sitajidanganya hapa maana hakuna anayesoma. Si njaa. Nilikuwa nimeshafika, nikajiambia nina nafasi. Kipande cha kwanza nilikula nitazame kitanifanya nini. Hakikufanya kitu. Cha pili nikakila kwa ajili ya cha kwanza. Cha tatu kilikuwa mkononi tu. Sukari ya juu ile ilikuwa rangi ya waridi. Haikuwa tamu wala chungu. Ilikuwa kama kutafuna sifongo mbele ya watu wanaocheka.

Zamani mimi nikila keki, nyumba nzima ilijua.

Jumatatu, 31 Machi

139. Chini ya mstari.

Mzee Muhuri kauliza mbona sipigi kelele. Nimemwambia nimezoea kushinda. Akacheka, akasema Mama Mizani bwana.

Ijumaa, 4 Aprili

138.

Baba Watoto kaazima magodoro matatu kwa jirani, mawili tunayo. Kapaka rangi mlango wa mbele, ya bluu, mpaka kwenye kitasa kwa bahati mbaya. Begi langu la hospitali liko tayari: kandambili, khanga mbili mpya, mswaki, picha ya watoto wote wawili siku ya mahafali ya Kifungua Mimba. Picha hiyo nataka madaktari waione. Waniulize ni akina nani hawa.

Mkwe kapiga tena. Eti atanifundisha kutembea asubuhi nikishapona. Nikamwambia tutaona nani atamwacha nani.

Nguo ya kijani inanipwaya mabegani. Nilijitazama kwenye kioo muda mrefu. Mwanamke yule alikuwa ananitazama na yeye, kwa adabu, kama mtu mnayekutana naye mara ya kwanza kwenye foleni.

Jumatatu, 7 Aprili

143.

Naiandika kwanza, nisije nikaizunguka.

Muuguzi aliniambia mama shuka, panda tena. Nikavua saa. 143. Nikavua viatu na mtandio. 143. Mara ya tatu nilishika pumzi kana kwamba pumzi ina kilo. 143.

Nikamwambia mizani yenu mbovu. Nilisema kwa sauti, waliokuwa kwenye benchi walisikia. Nikasema mimi nimesoma mizani kabla wewe hujazaliwa, Ijumaa nilikuwa 138, mtu haongezeki kilo tano kwa siku tatu za maji na maziwa! Mtoto wa watu hakukasirika. Akavua kandambili zake akapanda yeye. 61. Akasema, ndio uzito wangu mama, wa kila siku. Akashuka, akazivaa.

Daktari aliitazama karatasi muda. Kasema kilo tisa si mchezo, wengi hawafiki hata hapo. Lakini mstari ni mstari. Akaniambia nirudi Jumatano saa mbili asubuhi, atapiga picha ya ini. Likiwa limesinyaa vya kutosha, Alhamisi iko palepale. Likiwa bado, kitanda anamwita anayenifuata, mimi nasubiri upya. Akanyoosha kidole: nisithubutu kuacha vikombe ili nishuke, mtu wa sukari mimi, nitamwangukia mlangoni.

Baba Watoto kwenye korido: wamesemaje?

Nikasema: wamepima.

Akabeba mkoba wangu. Nyumbani sikwenda, nilimwambia anishushe ghalani.

Ilikuwa saa tisa, shughuli zimelala. Nikachukua jiwe la kupimia mizani, la kilo ishirini, lile la chuma lenye muhuri wa serikali. Nikaliweka kwenye bamba. 20.0. Nikaliondoa, nikalirudisha pembeni, nikalirudisha katikati. 20.0. Mizani nzima kabisa.

Mzee Muhuri alikuwa ameacha kugonga. Nilimwambia kila kitu, namba moja moja. Akainuka, akavitoa vile viti viwili vya plastiki mezani kwangu, akaviweka peke yake juu ya bamba. Akabonyeza nne.

-5.0

Viti vina kilo nne vyote viwili. Mashine ilikuwa inatoa tisa. Tisa za kiti cha chuma ambacho hakipo tangu tarehe ishirini. Kila nilipopima ilinipunguzia kilo tano za kiti kilichoondoka, na mimi nikaziita zangu.

Nimewafundisha watu kumi na mmoja kazi hii. Somo la kwanza, siku ya kwanza, kabla hata ya kuonyeshwa choo kiko wapi: umebadilisha chombo, unapima chombo upya. Mwaka jana nilimsimamisha mpakiaji mzima, mtu na ndevu zake, mbele ya madereva, kwa sababu alipima kreti ya plastiki kwa kitufe cha kreti ya mbao. Nilimfanya arudie somo kwa sauti. Mara tatu.

Nikakaa. Sikukaa kwenye kiti, nilikaa kwenye gunia.

Mzee Muhuri kasema, "Mama Mizani, na mimi nilikuwepo. Kidole kilichobonyeza ni hiki." Akakionyesha. Nikamwambia kidole chako ni cha mihuri, hakikupaswa kujua. Akasema hata hivyo.

Nilingoja aibu. Naijua aibu mahali inapokaa mwilini, hapa shingoni na kwenye masikio. Nikagusa shingo. Baridi. Nilikuwa nadhani ganzi ni ya vidole.

Kitinda Mimba kapiga saa kumi na mbili. Kafunga begi, kapata nafasi kwenye gari lile lile la dada yake. Anauliza anisindikize na nini, ua au kitabu? Nikasema njoo na wewe mwenyewe baba. Akauliza, vipi kupimwa? Nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Mkwe katuma picha: begi lake liko mlangoni, na juu yake raba zake nyeupe za kutembelea.

Jumanne, 8 Aprili

Nimejipima asubuhi ghalani, chombo kimepimwa upya, kwa mikono yangu. 142.4. Kisha nikaomba ruhusa, nikarudi nyumbani.

Kikombe cha kwanza sikunywa. Cha saa nne sikunywa. Hesabu ilikuwa kichwani: kikombe kilichojaa ni robo kilo, na ini linaweza kusinyaa kidogo zaidi likibanwa, nani anajua. Daktari naye si malaika. Nilikaa jikoni na vikombe vyote vitano vimepangwa mezani, vitupu, nikavitazama. Sikuwa na ujasiri wala woga. Ilikuwa rahisi tu, kama kutofungua barua.

Saa sita kalamu ilianguka. Nikaitazama sakafuni. Mkono ulikuwa unatetemeka, nikaushangaa kama mkono wa mtu mwingine.

Baba Watoto aliingia na ngazi, alikuwa anabadilisha taa ya sebuleni. Aliiweka ngazi chini. Akaleta mashine ya sukari, akanitoboa kidole bila kuniomba. 3.3, imeshuka mno. Akakoroga maziwa, yeye ambaye hajui hata kijiko cha kipimo kinakaa wapi, akaleta yana mabonge.

"Kunywa."

Nikamwambia ni robo kilo hiyo.

"Kunywa, mama."

Nikamwambia wewe huelewi, nimewaambia wote 138. Nikamweleza kiti. Nilimweleza yote, kitufe na tarehe ishirini na keki na mpakiaji mwenye ndevu. Alisikiliza hadi mwisho, ameshika kikombe. Halafu akasema yeye miaka yote hii alikuwa anadhani mimi sikosei, na ilikuwa inamchosha kidogo.

Yaani mume wangu! Miaka ishirini na tisa, leo ndio anasema.

Nikanywa. Nikanywa na cha saa nne. Mabonge nikayatafuna, Bi Vikombe anisamehe.

Baada ya hapo nikachukua simu. Kwenye kundi la familia kulikuwa na mambo: mdogo wangu kauliza nguo za sare ni rangi gani, mkwe kajibu nyeupe. Sikuandika pale. Nilimwandikia Kifungua Mimba peke yake. Nilifuta mara nne. Mara ya kwanza niliandika kwamba mizani ya kazini ilikuwa na hitilafu. Ilipendeza sana ile sentensi. Nikaifuta. Iliyokwenda ni hii:

Mwanangu. Nilikosea kupima. Si 138, nilikuwa 143. Kosa ni langu si la mashine, nilibadilisha kiti sikupima kiti. Wewe uliuliza nikakunyamazisha. Kesho saa mbili wanaangalia ini ndipo waseme. Huenda nisipasuliwe. Waambie wenzako wewe, hasa mkwe, mimi siwezi. Mkitaka msije, msije.

Sijawahi kumwandikia mtoto wangu nilikosea. Nilidhani nikiituma kitu kitapasuka. Ilienda tu, na kile kisauti chake.

Tiki moja.

Nimengoja. Nimefua khanga ambazo ni mpya. Nimerudi. Tiki moja. Nimekumbuka: wao wanaondoka leo mchana, safari ni ya kutwa na kucha, na Kifungua Mimba huzima simu njiani ili chaji isiishe. Tangu akiwa mwanafunzi yuko hivyo. Nilikuwa namsifia kwa watu.

Kwa hiyo wako ndani ya gari sasa hivi, saa kumi na moja jioni hii. Yeye na mumewe upande mmoja, mkwe dirishani. Kitinda Mimba anapandia mbele, kwenye kituo chake, na mdogo wangu kile kinachofuata. Bila shaka wanacheka. Mdogo wangu anasema upuuzi. Na namba yangu ya kweli iko mahali hapo katikati, haijafika kwa mtu.

Hospitali ni saa mbili asubuhi. Gari lao linaingia saa nne. Itabidi Baba Watoto amwachie jirani ufunguo, au wangoje kwenye mlango wa bluu, sijui. Sijui nitakuwa nimeambiwa nini. Sukari saa hii 5.8. Mkono umetulia. Kitu fulani kinanikaba hapa chini ya koo, kidogo, inaweza kuwa mabonge.

Baba Watoto yuko sebuleni anatandika magodoro, taa mpya inawaka mchana kweupe. Ameniita kwa sauti: wapike cha watu wangapi wale wanawake wa jirani, na waanze lini?

Nimemjibu watano. Waanze mapema, wote wanafika kesho.